Anti, data nimekusanya mimi, pepa nimeandika mimi, sasa naambiwa jina langu litakaa kwenye shukrani

Anti shikamoo,

Nasoma safu yako kitambo sana, kimya kimya, na sikuwahi kudhani na mi nitakuandikia maana wengi wanakuja na mambo ya wakwe na mikopo ya kausha damu. Langu ni la kazini, tena kazi ambayo hata mama yangu hajui aieleze vipi, majirani anawaambia "binti yangu yuko chuo anaangalia mihogo". Na kweli ndo naangalia mihogo.

Nina masta, na ni msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa chuo kimoja (chuo na mkoa naomba nisitaje). Mradi ni wa magonjwa ya mihogo, batobato na michirizi kahawia, kujua virusi gani viko wapi na vimesambaa vipi. Tangu mradi uanze fildi naenda mimi. Watu wakisikia fildi wanadhani ni kupanda Land Cruiser na kula posho. Anti, ni kulala gesti za wilayani zisizo na maji, ni kumbembeleza mtendaji wa kijiji aliyeamka vibaya, kuzunguka mashamba juani, kugeuza majani kuhesabu nzi weupe huku wanaruka, kuingiza pointi za GPS kwenye kishkwambi, kukata majani na kuyatia kwenye bahasha zenye silika jeli yasioze njiani, afu usiku wenzako wamelala we unaandika lebo kwa tochi ya simu. Ukirudi ni maabara, kusaga majani, kutoa vinasaba, kupiga PCR (kipimo cha kuona kama virusi vimo), na umeme ukikatika katikati unaanza moja. Zile zilizoonekana zina virusi tulituma kwa wabia wetu Ulaya, wakasoma sikwensi, yaani mpangilio wa vinasaba vya virusi, wakaturudishia mafaili. Uchambuzi wote nimefanya mimi kwa programu ya R niliyojifunza YouTube kwa bando langu mwenyewe.

Mwezi wa pili nikamaliza drafti ya pepa (makala ya utafiti ya kupeleka jarida), nimeiandika kuanzia utangulizi hadi mjadala, na grafu zote na ramani. Nikamtumia Prof, ambaye ndo mkuu wa mradi na bosi wangu. Akakaa kimya weee, afu siku moja akaniita ofisini. Prof si mtu mbaya, niseme ukweli, msiba wa baba alikuja mpaka nyumbani. Akanisifia, "mwanangu umefanya kazi kubwa", nikawa natabasamu kama mjinga, ndo akasema mwandishi wa kwanza atakuwa mhadhiri msaidizi mmoja wa idara yetu (nimwite Kaka), kwa sababu anasoma PhD na anahitaji machapisho na maombi ya kupanda cheo yanafungwa mwezi wa saba. Wa pili yule mtaalamu wa Ulaya. Mkuu wa idara naye yumo. Prof wa mwisho kama kawaida. Mi nitawekwa kwenye shukrani. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Prof, na mimi?" Akasema, "Wewe mkataba wako ni wa kukusanya data na umelipwa. Pepa inayofuata tutakukumbuka."

Kaka fildi kaja mara moja tu, akapiga picha na jani la mhogo akaposti, akaondoka na gari iliyoleta mafuta.

Nilijaribu kuongea naye kiutu uzima. Akacheka, akasema "we, si drafti ya ChatGPT hiyo, unataka jina la nini?" Iliniuma sana. Kweli nilitumia ChatGPT kunyoosha Kiingereza kwenye aya kadhaa, sifichi, ila hoja ni zangu na namba ni zangu na usingizi niliokosa ni wangu.

Sasa kila mtu ana ushauri. Rafiki yangu wa maabara anasema niwawahi, niipandishe mtandaoni kama priprinti, yaani pepa iliyowekwa wazi kabla jarida halijaihakiki, jina langu likiwa la kwanza, ikishapata tarehe na namba yake wao watakuja wamechelewa. Mwingine anasema nikae na data, maana faili lililosafishwa liko kwenye laptopu yangu tu, wao wana yale mabichi ambayo hakuna atakayeyaelewa. Mama anasema ninyamaze, mkataba unaisha mwezi wa sita na nataka kuomba PhD nje, nani ataniandikia barua kama si huyo huyo Prof?

Na kingine. Kaka kapata imeili ya jarida wanaosema pepa inakubaliwa ndani ya siku tano kwa dola 180, na kwenye grupu la mradi wametangaza tuchangie. Anti, kwenye waandishi simo ila kwenye orodha ya wachangiaji nimo, tena namba mbili.

Hivi nina haki au ndo kazi za utafiti zilivyo? Nisaidie kabla sijafanya ujinga.

Binti wa Mihogo

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Una haki ya kuwa mwandishi wa hiyo pepa. Naanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia, maana nikianza kukwambia na mambo usiyoyapenda utadhani nimehamia upande wa Prof.

Haki hiyo wala si maoni yangu mimi. Kuna kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, walianza kama kikundi kilichokutana Vancouver mwaka 1978, ndo wametoa vigezo vya nani aitwe mwandishi, na majarida mengi hata yasiyo ya tiba, ya kilimo yakiwemo, yanafuata hivyo hivyo au yana vyao vinavyofanana. Vigezo ni vinne. Uwe umechangia kwa maana kwenye wazo au mpango wa utafiti, au kupata data, au kuichambua na kuitafsiri (yaani kimojawapo kinatosha, wewe una viwili vizima). Uwe umeandika au umeihakiki pepa kwa kina. Uidhinishe toleo la mwisho. Na ukubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Sasa wajanja wamezoea kusema "huyu hakuidhinisha toleo la mwisho basi si mwandishi", kumbe hawakumpa hilo toleo! Wale wahariri wameliona hilo zamani, wameandika wazi kwamba vigezo visitumike kumtoa mtu kwa kumnyima nafasi ya kuvitimiza. Na wameandika pia kwamba kutafuta fedha peke yake, au usimamizi wa jumla peke yake, hakumfanyi mtu mwandishi. Kwa hiyo mkuu wa idara, kama mchango wake ni kuwa mkuu wa idara, pale shukrani ndo kwake.

Hili la "umelipwa" limenichekesha kidogo. Prof halipwi? Kaka halipwi? Yule wa Ulaya anafanya kazi bure? Kama mshahara unafuta jina basi hiyo pepa itoke bila waandishi. Ila niwe mkweli, kama ungekuwa umetumwa tu ukate majani kwa maelekezo ya mtu mwingine, uyafungashe uyalete, basi, hapo shukrani zingekuwa sawa kabisa na ningekwambia upoe. Dereva wenu naye kafika vijiji vyote. Tofauti yako na yeye ni kwamba umechambua na umeandika.

Sasa lile usilolipenda. Haki ya kuwa mwandishi ni kitu kimoja, kuwa wa KWANZA ni kitu kingine. Vigezo havipangi nani akae wa ngapi, mpangilio wameachiwa waandishi wakubaliane wenyewe. Desturi kwenye sayansi za viumbe ni kwamba wa kwanza ni aliyebeba kazi na kuandika, wa mwisho ni mkuu wa maabara, na kwa desturi hiyo nafasi ni yako. Lakini desturi ina mazungumzo ndani yake, ndo maana nataka uende ukiwa unajua kipi ni cha kudai na kipi ni cha kuomba.

Na umwelewe Prof anatokea wapi, simtetei. Vyuoni kwetu kutoka mhadhiri msaidizi kwenda mhadhiri, mwandamizi, profesa mshiriki, hesabu kubwa ni machapisho. Yeye ana idara yenye vijana waliokwama, ana mkuu wa idara anayesaini fomu zake, na ana wewe ambaye mwezi wa sita unaondoka. Kakata kwenye kitambaa kisichopiga kelele. Wengi wa kizazi chake na wao walikatwa hivyo hivyo walipokuwa vijana wakaambiwa ndo heshima.

Ila hata zamani hawakuwa wote hivyo, na mfano uko hapa hapa nyumbani. Erasto Mpemba, mwaka 1963 ni mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, wanatengeneza aisikrimu, akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza, mwalimu akamwona kachanganyikiwa. Akaenda Mkwawa Iringa kidato cha tano na sita, siku moja kaja mgeni kuzungumza nao, Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar, kijana akauliza swali lake lile lile mbele ya wote, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akalifanyia majaribio. Mwaka 1969 wakachapisha pepa kwenye jarida la Physics Education, na angalia majina yalivyokaa: Mpemba wa kwanza, Osborne wa pili. Huyo ni daktari wa fizikia na kijana aliyekutana naye kwenye swali moja tu darasani! Leo ukisema Mpemba kwa mwanafizikia yeyote duniani anajua unaongelea nini. Osborne angeweza kabisa kumweka kwenye shukrani na hakuna ambaye angelalamika, Mpemba mwenyewe asingejua kama kuna kitu cha kulalamikia.

Kuhusu yule wa Ulaya usimfanye adui. Kasoma sikwensi, kama kashiriki kuitafsiri na kuihakiki pepa basi ni mwandishi halali, swali ni la ngapi tu. Naelewa unavyojisikia, historia yetu na sampuli zinazopanda ndege ni mbaya. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo alifika Yambuku mwaka 1976 watu wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana, akachukua damu kwa mikono yake, sampuli zikaenda Ulaya, na kwa miaka mingi hadithi ya kugunduliwa kwa Ebola ikawa inasimuliwa kana kwamba hakuwepo. Lakini upepo umegeuka. Mwaka 2022 watu wa maadili ya utafiti walikutana Cape Town wakaja na tamko la haki kwenye ushirikiano wa namna hii, na majarida kadhaa makubwa sasa yakiona data ya Afrika yanauliza, watafiti wa huko wako wapi kwenye orodha na walifanya nini. Kwa hiyo huyo mzungu anaweza akawa na sababu zake mwenyewe za kutaka jina lako lionekane. Usimwandikie kabla ya kuongea na Prof lakini, ukimruka bosi wako umeharibu. Ila omba kuona mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa wakati majani yanatoka nchini, na makubaliano ya mradi, mara nyingi kuna kipengele cha machapisho humo ambacho hakuna aliyekisoma tangu siku ya kusaini.

Sasa marafiki zako.

Priprinti ni kitu kizuri. Wanafizikia wamekuwa wakiweka pepa zao wazi kabla ya kuhakikiwa tangu 1991 Paul Ginsparg alipoanzisha tovuti ya arXiv, watu wa biolojia wakapata bioRxiv mwaka 2013, na kipindi cha Korona hata waliokuwa wakiidharau waliikimbilia. Haina gharama, inapata tarehe, watu wanaisoma wakati rivyua (mhakiki) wa jarida bado kaikalia. Lakini unapoipandisha unathibitisha kwamba waandishi wote wamekubali. We utathibitisha nini? Na ikishapanda haifutwi. Prof akiandika kulalamika, kitakachotokea ni kubandikwa maneno kwamba imeondolewa, na ukurasa unabaki pale na jina lako juu yake, na mtu wa kamati ya PhD akilitafuta jina lako ndo kitu cha kwanza anakutana nacho. Usifanye. Unaloweza kufanya ni kuipendekeza mezani, kwamba tukikubaliana majina tuiweke priprinti kwanza halafu tuipeleke jarida la maana.

Kukaa na data ndo kabisaaa usithubutu. Data si yako, ni ya mradi, na siku ukiificha ndo siku ambayo Kaka na Prof wanakuwa wenye haki na wewe mwizi. Peleka nakala safi kwenye hifadhi ya mradi wiki hii hii, pamoja na kodi zako za R (yale maagizo uliyoandika kwenye programu) na maelezo ya kila safu ya jedwali, na utume imeili ya heshima kwamba umeweka. Imeili hiyo ina kazi mbili, inaonesha uaminifu wako na inaonesha nani alisafisha data.

Afu kuna mlango ambao vijana wengi wa maabara hawaujui. Seti ya data siku hizi inachapishwa yenyewe kama kitu kinachojitegemea, na ina waandishi wake. Kuna hifadhi kama Zenodo, iko chini ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013, ni bure, unaweka data na kodi, inapewa namba ya kudumu na watu wanaitaja kama wanavyotaja pepa. Majarida mengi yanataka data iwekwe wazi hata hivyo. Mwombe Prof iwekwe, na wewe uwe wa kwanza kwenye hiyo. Mtu aliyegoma kukupa nafasi kwenye pepa mara nyingi hapa hagomi, maana haoni thamani yake. We uione. Angalieni tu pointi za GPS za mashamba ya watu zisiachwe wazi kama kwenye fomu za ridhaa mliwaahidi wakulima kuwaficha.

ChatGPT. Mwanzoni mwa 2023 majarida makubwa, Nature na Science yakiwemo, yalishasema programu haiwezi kuwa mwandishi kwa sababu haiwezi kuwajibika. Ukiitumia unasema umeitumia, kwa kazi gani, basi. Andika sentensi moja kwenye pepa, "tumetumia kunyoosha lugha", kwa jinsi jarida linavyotaka. Na maneno ya Kaka yanajibika kirahisi, kama uliandika kwenye Google Docs kuna historia ya kila siku uliyogusa, kama ni Word una drafti zako za zamani. Hakuna haja ya kubishana naye. Mwulize tu kwa upole mbele ya Prof kitu cha ndani ya uchambuzi, mfano kwa nini mashamba ya kusini yalitolewa kwenye mchanganuo wa pili. Kama yapo yaliyotolewa, unajua mwenyewe. Aliyeandika atajibu.

Sasa mkutano wenyewe, hapa ndo nataka uweke nguvu zako. Usiende kuongelea majina. Ukianza na majina Prof atasikia mtoto anayedai, na kwa mila zetu umeshapoteza kabla hujakaa. Nenda na jedwali la michango. Kuna mfumo unaitwa CRediT, una kazi 14 zimeorodheshwa: wazo, mbinu, ukusanyaji, usafishaji wa data, uchambuzi, michoro, kuandika drafti ya kwanza, kuhakiki na kuhariri, usimamizi, kutafuta fedha na nyinginezo. Majarida mengi sana siku hizi hayapokei pepa bila hiyo taarifa na wanaichapisha mwishoni kila mtu aione. Chora jedwali, kazi upande mmoja, majina upande mwingine. Jaza za kwako. Za wengine ziache wazi wajaze wenyewe. Hapo hujamtuhumu mtu, umeleta fomu ya jarida. Ila mtu itabidi ashike kalamu ajiandike "drafti ya kwanza" mbele yako wakati wote mezani mnajua nani aliandika, na watu wetu wengi wana aibu, hawaifiki hatua hiyo.

Ujumbe wa kuomba kikao uwe mfupi, kitu kama hiki:

"Shikamoo Prof. Nashukuru kwa maoni uliyonipa kwenye drafti. Majarida ninayoyaangalia yanataka taarifa ya mchango wa kila mwandishi pamoja na mahali data itakapohifadhiwa, nimeandaa jedwali la kuanzia. Naomba nusu saa wiki hii tulipitie pamoja na Kaka, ili kazi isichelewe kwa ajili ya mwezi wa saba."

Umeona? Hamna lawama, na mwezi wa saba wao ndo umekuwa hoja yako.

Ukiwa ndani omba nafasi ya kwanza, iseme kwa mdomo, usitegemee watakisia. "Prof naomba niwe mwandishi wa kwanza kwa sababu nimechambua na nimeandika." Wakikataa, pendekeza ya kwanza kwa pamoja, wewe na Kaka, na alama kwamba wawili hawa wamechangia sawa, ila jina lako litangulie na Kaka afanye kazi kweli kuanzia hapo, ajibu rivyua, aandike upya utangulizi, chochote. Wakikataa na hiyo, nafasi ya pili si aibu. Chini ya hapo ni orodha ya waandishi tu, popote. Shukrani usikubali, na ukikataa kataa kwa sauti ya chini na sababu moja: Prof, siwezi kuwajibika kwa uchambuzi niliofanya kama si mwandishi, na hakuna mwingine atakayeweza kuujibia rivyua akiuliza. Hiyo si vitisho, ni ukweli wa kazi, na Prof anaujua.

Ikishindikana kabisa, chuo kina kurugenzi ya utafiti, na hapo upime mwenyewe kama una moyo huo. Usidhani jarida litakuamulia, wahariri wakipata ugomvi wa majina wanaurudisha chuoni, ndo mwongozo wao. Ndo maana nakusukuma umalize ndani.

Mama yako usimdharau, hofu yake ina msingi. Lakini maombi ya PhD huwa wanataka wadhamini wawili au watatu, si Prof peke yake. Una msimamizi wako wa masta. Una yule wa Ulaya ambaye kaona mafaili yako, na yeye akikuandikia kwamba uchambuzi ulikuwa wa huyu binti, hiyo barua itasomwa. Na hata Prof, ukienda kama nilivyokwambia, sidhani kama atakunyima barua kwa sababu ya jedwali. Aliyekuja msibani kwenu si mtu wa kukufunga mlango kwa hilo, ndo ninavyomsoma kwa ulivyomweleza, labda nimemsoma vizuri kuliko anavyostahili.

Jarida la siku tano: hapana. Hakuna wahakiki wawili duniani wanaosoma ramani za virusi vya mihogo na kuandika maoni ya maana na mwandishi akarekebisha ndani ya siku tano, kwa hiyo hizo dola 180 mnanunua nini? Mwaka 2010 hivi Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, alianza kuorodhesha majarida ya namna hii, akafunga orodha 2017, lakini jarida halali bado mnaweza kulitafuta kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure iliyoanza 2003 Sweden, na ya Afrika yako kwenye tovuti ya AJOL. Na jina kubwa peke yake halitoshi, kampuni ya Wiley iliponunua majarida ya Hindawi iliishia kufuta pepa zaidi ya 8,000 mwaka 2023 baada ya kukuta uhakiki wa uongo. Kaka akiwa na pepa hapo siku kamati ya cheo inakagua, itamgeuka yeye, mwambie hivyo kwa faida yake. Majarida mengi ya maana yana punguzo au msamaha wa ada kwa nchi zetu, inaombwa siku ya kutuma pepa, si baada ya kukubaliwa. Na mchango usitoe hata shilingi, ada ya kuchapisha ni ya bajeti ya mradi, haichangishwi kwenye grupu kama harusi.

La mwisho ni dogo ila fanya leo. Fungua ORCID, ni namba ya mtafiti ya tarakimu 16, bure, itakufuata hata ukiolewa ukabadili jina au ukahama nchi. Na kwenye pepa na kila mahali weka imeili yako binafsi pamoja na ya mradi. Majarida mengi yanamtumia kila mwandishi ujumbe athibitishe, na imeili ya mradi wanaweza kuifunga siku mkataba unapoisha, sasa ujumbe ukija mwezi wa nane ukaenda huko hutauona, na watasema tulimwandikia hakujibu.